UZI: Chakula cha jioni Malindi, hoteli ya vyakula vya Kiafrika yenye baa. Oda, mizani, tui na bili

Mpangaji_Meza

Wadau wa Malindi na viunga vyake, salamu kwenu nyote. Kuna kundi la watu 14 linalokuja kutoka Mombasa mwezi wa Agosti. Wanataka kula jioni mahali panapopikwa Kiafrika kweli: samaki wa kupaka, nyama choma, wali wa nazi, na pawe na baa kwa wanaokunywa. Kati yao sita ni Waislamu wasiogusa pombe, wawili hawali nyama wala samaki, na watoto ni watatu. Sitafuti majina ya hoteli kwa sababu wapishi huhama kila msimu. Ninachotaka ni namna ya kufanya: oda itolewe lini, kiasi gani, jikoni waulizwe nini, ili watu wasikae saa mbili wakitafuna karanga na bili isije ikawashtua.

JikoLaMakaa

Anza na majira. Agosti ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Mashua ndogo haziendi mbali, samaki wa mwambani hupungua, na aliyepatikana hupanda bei. Hoteli zilizofunga tangu mvua za masika nyingi huwa zimeshafungua kwa ajili ya Wataliano wanaokuja likizo, kwa hiyo nafasi mtapata, lakini mwagombania samaki wale wale pamoja nao.

Piga simu siku moja kabla, halafu upige tena siku yenyewe baina ya saa tatu na saa nne asubuhi, mpishi kabla hajatuma mtu sokoni. Simu ya saa kumi jioni humpa kazi moja tu, nayo ni kufungua friza. Mwambie idadi, saa ya kukaa mezani, na vyakula vitatu au vinne, basi. Watu 14 wakiagiza kila mtu chake kutoka kwenye menyu ya kurasa nane, jiko lenye wapishi wawili litatoa sahani ya kwanza saa mbili na ya mwisho saa nne.

Kiasi cha kundi lenu, nikichukua watu wazima 9 wanaokula kitoweo na kuna samaki na nyama pamoja:

Samaki mzima, uzani wa mbichi, gramu 300 hadi 350 kwa mtu: weka kilo 3. Kumbuka kichwa, mifupa na matumbo huchukua karibu nusu.
Nyama ya mbuzi yenye mfupa, gramu 250 hadi 300 kwa mtu: kilo 2 na nusu.
Mchele, kilo 1 na nusu kwa wote 14, watoto wakiwemo.
Nazi, mbili kubwa kwa kila kilo ya mchele na mbili nyingine kwa kila kilo ya samaki. Hapo ni nazi tisa. Ukiwasikia wasema watatumia tatu, jua tui litatoka kwenye pakiti.

Mpangaji_Meza

Shukran sana. Tui la pakiti lina ubaya gani? Na nitalijuaje likishafika mezani?

JikoLaMakaa

Si haramu, lakini kwa samaki wa kupaka linaonekana wazi. Tui la pakiti mengi yake yametiwa kitu cha kulishikanisha lisiachane. Ukilichemsha halitoi mafuta yake, linabaki jeupe na zito kama uji. Tui la kukuna likipunguka motoni hutoa mafuta kidogo pembeni, na hayo ndiyo yanayobabuka juu ya samaki.

Kazi yenyewe iko hivi. Samaki wa kilo 1, changu au tewa, apasuliwe mgongoni afunguke, au abaki mzima na achanjwe mara tatu kila upande hadi kwenye mfupa. Kitunguu saumu punje 6, tangawizi kipande cha kidole gumba, pilipili mbichi 2, chumvi na ndimu 1. Vitwangwe pamoja apakwe navyo, akae nusu saa hadi saa moja. Asizidi hapo, kwani ndimu humvuruga nyama ikawa unga. Halafu achomwe kwenye makaa yaliyokwisha moto wa juu, dakika 8 hadi 10 kila upande, mpaka aive karibu yote kabla hajaguswa na tui.

Tui zito la nazi mbili huwekwa jikoni peke yake pamoja na bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, saumu, pilipili na ukwaju uliokamuliwa. Likorogwe upande mmoja bila kuachwa mpaka lianze kuchemka na lishike mwiko. Hapa ndipo panapoharibika: moto mkubwa bila kukoroga, tui hukatika, maji mbali na chembe mbali. Na ukwaju au ndimu ikitiwa yote mapema, hukatika vile vile. Mpishi mzuri hutia ukwaju mwisho, kidogo kidogo, huku anaonja.

Kisha samaki hupakwa, hugeuzwa, hupakwa tena, mara tatu au nne, mpaka tui ligande juu yake na vidoa vyeusi vianze kutokea kwenye chanjo. Tazama sahani ikifika. Rojo imeshika kwenye nyama, ina rangi ya manjano iliyoungua, na pembeni pana mafuta kidogo yanayong'aa: huyo amepakwa. Samaki akiwa amelala kwenye dimbwi la mchuzi mweupe na ngozi yake haina alama ya wavu, huyo amekaangwa akamwagiwa. Tena una haki ya kuuliza kabla ya kula, si baada ya kumaliza nusu.

NyamaNaChumvi

Kwenye nyama naomba niongezee. Nyama choma huuzwa kwa uzani wa mbichi. Kilo 1 ya mbavu ikitoka motoni huwa gramu 650 hadi 700, na mfupa ndani yake, kwa hiyo msije mkadhani mmeibiwa mkiona sahani ndogo. Wizi, ukiwepo, uko kwenye mizani. Mtu wenu mmoja aende kaunta, achague kipande, aone mizani iko kwenye sifuri, na nyama ipimwe bila sinia.

Mbavu za mbuzi huchukua dakika 40 hadi 50. Paja zima ni saa moja na nusu. Hoteli ikikwambia paja litakuwa tayari kwa dakika 30, ama limechomwa mchana linapashwa moto, ama limechemshwa kwanza. Nyama iliyochemshwa utaijua: ndani ina rangi ya majivu, nje haina ganda, na inachambuka nyuzi nyuzi bila kutoa maji yoyote. Chumvi ni ya kunyunyiza kwa maji yake wakati nyama iko motoni. Ikitiwa mapema sana kwenye vipande vidogo, hutoa maji na nyama hukauka.

Na kitu kimoja watu hawakiangalii: mafuta yakidondoka kwenye makaa na moto ukaruka, nyama hupata masizi na uchungu. Mchomaji anayejua kazi husogeza nyama pembeni moto utulie. Simama pale dakika tano umtazame. Utajua utakula nini.

Soko_la_Samaki

Kilo 3 za samaki msichukue samaki mmoja. Chukueni watatu wa kilo moja moja, au wawili wa kilo moja na nusu. Tewa wa kilo 3 akichomwa mzima nje huungua huku mfupani bado mbichi, ndipo mpishi anaporudi naye jikoni mara mbili na watu mmeshachoka.

Mwambieni awalete mezani wakiwa wabichi. Jicho liwe limejaa na linang'aa, si jeupe wala halijazama. Matamvua mekundu. Ukibonyeza mgongoni pasibaki shimo. Samaki aliyeganda, akayeyuka umeme ulipokatika, akagandishwa tena, hutoa maji mengi sahanini na nyama yake ni laini kama pamba. Na umeme hukatika hapa kwetu, kwa hiyo swali la jenereta ni swali la chakula, si la taa.

Kuna jambo la afya nataka kila mtu alijue. Jodari na nguru wasipotiwa barafu mara tu wanapovuliwa, hujenga sumu ambayo kupika hakuiondoi, wala ndimu, wala pilipili. Ukitia mdomoni ulimi ukawasha na hakuna pilipili, acha hapo hapo, tema. Aliyekula uso humwiva mwekundu, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, mara nyingi katika saa ile ile. Apelekwe hospitali na aseme alikula samaki gani. Ndiyo maana kwa kundi kubwa mimi huwaambia watu washike changu na tewa.

Kamba: wakiiva hujikunja nusu duara na kuwa wekundu, dakika 2 hadi 3 kila upande zatosha. Wakijikunja kama pete ngumu, wamezidi. Pweza lazima achemshwe kwanza, dakika 45 hadi saa moja kulingana na ukubwa wake, kabla hajaenda kwenye makaa. Pweza wa dakika 20 ni mpira. Kaa wa mikokoni mchukue mzito mkononi. Aliye mwepesi kwa ukubwa wake ametoka kujivua gamba, ndani ni maji. Na kambakoche mwenye mayai tumboni haruhusiwi kuvuliwa. Ukiletewa mkatae na mwambie meneja kwa nini.

Bin_Mambrui

Mpangaji, hao Waislamu sita wasichukuliwe kwamba watajipanga wenyewe. Maswali manne, na yaulizwe kwa simu ile ya siku moja kabla, si mbele ya wageni.

Kwanza, je, jikoni wapika nguruwe? Malindi swali hili ni la lazima. Wataliano wako hapa tangu mradi wa roketi wa San Marco pale Ngomeni miaka ya 1960, na hoteli nyingi zenye jina la Kiafrika bado zina soseji na nyama nyingine za nguruwe kwenye friza. Pili, wavu wa kuchomea ni mmoja au miwili? Wengi watakwambia "tunausugua." Ombeni wavu wa pili au samaki wachomwe wa mwanzo kwenye wavu uliooshwa, na mwende kuuona. Tatu, mvinyo. Kamba wa kitunguu saumu na mchuzi wa kaa kwenye hoteli hizi mara nyingi hutiwa mvinyo mweupe kikaangoni, na menyu haisemi. Weita hajui, muulize mpishi. Nne, nyama imechinjwa na nani. Hapa mjini bucha nyingi ni za halali, lakini nyama inayoletwa imeganda kutoka mbali haina mtu wa kuulizwa.

Meza iwe upande wa chakula, mbali na kaunta ya baa. Hilo pia ni kwa ajili ya watoto. Na magharibi hapa huingia kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo mwaka mzima, kwa hiyo msiweke chakula saa kumi na mbili na nusu. Saa moja na robo ni sawa kwa kila mtu.

Kaunta_Ndefu

@Bin_Mambrui ahsante, umenena. Upande wa vinywaji naongeza jambo moja la haraka: "dawa." Ukiagiza dawa kwenye baa utaletewa ya vodka: kipimo cha mililita 50, ndimu iliyokatwa vipande, sukari kijiko kimoja, barafu, na kijiti kilichochovywa asali cha kupondea. Ilipata jina kubwa kupitia Carnivore, hoteli ya nyama choma ya Nairobi iliyofunguliwa 1980, na asili yake ni caipirinha, kinywaji cha pombe cha Brazil. Dawa ya moto ya tangawizi, ndimu na asali ni kitu kingine kabisa, haina pombe. Kwenye meza yenye watu mchanganyiko weita akiitikia tu "dawa tatu," kosa litafika mdomoni kabla halijajulikana. Semeni "ya moto, ya tangawizi," na arudie oda.

Wasiokunywa wasiachiwe soda. Ulizeni ukwaju, mabungo ikiwa ni msimu wake, na madafu yaliyotiwa baridi yakiwa mazima na kufunguliwa mezani. Dafu lililomiminwa kwenye jagi tangu mchana huchacha. Barafu iwe ya maji ya kunywa. Ulizeni bila aibu.

Saa: leseni ya baa ya kawaida, kwa sheria ya 2010, ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Hoteli inayouza chakula yaweza kuwa na leseni ya aina nyingine, na huwa imebandikwa ukutani. Oda ya mwisho ichukueni mapema.

Mgema_Ganda

Hamjataja mnazi, yaani tembo la nazi, na mnasema mwataka Kiafrika. Hoteli chache huuweka, na wanaouweka wengi huuharibu. Mnazi hugemwa asubuhi na jioni. Wa asubuhi ukishuka tu ni mtamu, una povu laini na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji. Kufika adhuhuri umeanza kukolea, jioni ni mkali, na wa jana ni wa kupikia, ni siki. Barafu huuchelewesha lakini haiusimamishi. Kwa hiyo mkila saa moja na robo usiku, ombeni uliogemwa jioni ile, uletwe baada ya saa kumi na moja, kwenye chombo kisichofungwa kabisa. Chupa iliyozibwa sana hupasuka.

Ulioongezwa maji na sukari hauna povu linalokaa, na utamu wake unabaki mdomoni kama sharubati. Mnazi wa kweli huwa na uchachu kidogo nyuma ya utamu hata ukiwa mbichi. Unyweni kwa kibuyu na mrija wenye kichungi ikiwa wanavyo, kwa sababu nyuki na taka za mnazini huanguka ndani. Na asiyeuzoea asiuchanganye na bia.

Mpangaji_Meza

Nimepata mengi. Wale wawili wasiokula nyama wala samaki bado. Na menyu moja niliyotumiwa ina jollof (wali mwekundu wa Afrika Magharibi) na injera (mkate laini wa Ethiopia) pia. Niwaagizie?

JikoLaMakaa

Kwao agiza mbaazi za nazi, mchicha wa nazi na bamia, na useme waziwazi mchicha usitiwe kamba wadogo wa kukausha, maana wapishi wetu huwatia wapate ladha na hawahesabu hiyo ni samaki. Mbaazi kavu hulowekwa usiku kucha, kwa hiyo hiyo nayo ni oda ya siku moja kabla. Chapati au mkate wa mofa, na wali ule ule. Watashiba vizuri kuliko wengine.

Kuhusu jollof na injera, mimi singeagiza. Injera unga wake huchachushwa siku mbili hadi tatu. Mahali pasipoipika kila siku utaletewa iliyokauka kingo na kupasuka ukiikunja. Jollof yataka mchele uliochemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa, ule usiovunjika. Hapa huipika kwa mchele wa pishori na hutoka bokoboko jekundu. Jiko likiwa na vyakula vya Afrika nzima kwenye karatasi, ulizeni mpishi ametoka wapi na mle vya kwao.

Hesabu_Safi

Bili. Ulizeni bei za menyu zimejumlisha kodi au la. Kodi ya VAT ni asilimia 16 na tozo ya utalii asilimia 2. Menyu ikiwa "bila kodi," chakula cha shilingi 20,000 kinakuwa 20,000 na 3,200 na 400, yaani 23,600. Wakiongeza huduma ya asilimia 10, ni 2,000 nyingine, jumla 25,600. Huduma ikishakuwemo kwenye bili, bakshishi ni hiari yenu, na kama mwatoa mpeni mchomaji pia, yeye hakai mbele ya watu.

Vinywaji vya pombe viandikwe bili yake mbali tangu mwanzo. Ni haki kwa wasiokunywa, na mwisho wa usiku hakuna anayekumbuka chupa ngapi. Samaki waliopimwa, picha ya mizani ibaki kwenye simu ya mtu mmoja. Arubuni ya M-Pesa itumwe kwenye till ya hoteli (namba ya malipo ya biashara), si namba ya mtu, na jina lisomwe kabla ya kubonyeza. Bebeni na pesa taslimu kidogo, mashine ya kadi hukosa mtandao siku mnayoihitaji.

Shela_Jahazi

Kwa atakayeusoma uzi huu akiwa anakuja Lamu: hesabu za samaki na tui ni zile zile, lakini mpango wa baa ni mwengine. Mji wa kale wa Lamu ni mji wa Waislamu, hoteli za ukingoni mwa bahari nyingi hazina pombe na hazipendi mtu aje na yake. Wanaokunywa huenda Shela, kiasi cha kilomita 3, dakika 40 kwa miguu ufuoni au kwa boti. Maji yakijaa njia ya ufuoni hufunikwa mahali mahali, hasa siku za bamvua, kwa hiyo tazameni maji ya kurudi, si ya kwenda tu. Boti ya usiku iagizwe kabla ya kukaa mezani na bei ikatwe hapo hapo, kwenda na kurudi. Nguo za kupitia mjini ziwe za heshima, hata kama mwatoka kuogelea.

NyamaNaChumvi

Swali la meza halijajibiwa. Agosti upepo ni wa kusi, kwa hiyo muulize jiko la makaa liko upande gani. Likiwa kusini mwa meza yenu, moshi wote ni wenu. Kaeni upande wa kusini wa jiko, au nyuma ya ukuta.

Mpangaji_Meza

Nimepiga simu hoteli mbili asubuhi hii. Ya kwanza imesema samaki "wapo tu, njooni." Ya pili mpishi mwenyewe amechukua simu, akauliza nazi zikunwe saa ngapi na wavu wa pili nitakuja kuuona lini. Nimempa kilo 3 za samaki watatu, kilo 2 na nusu za mbavu, mbaazi zilowekwe. Meza saa moja na robo.

Soko_la_Samaki

Mpigie tena saa tatu siku yenyewe umuulize samaki gani wameingia. Changu wakikosekana chukua tewa, lakini mwambie amchanje karibu karibu, nyama yake ni nene.